Nyuki wa Bu Wigati na Kilele cha Wali

Risala ya wanafunzi wa darasa la tisa, Shule ya Maabara ya Chuo Kikuu cha Tirtasari, siku ya kufunguliwa Nyumba ya Utafiti na Uchapishaji

Mgeni rasmi, Ibu Profesa Retnaningsih, uliyetoka Jakarta kwa treni na treni yenyewe ikachelewa. Mkuu wa Chuo. Mkuu wa Kitivo cha Kilimo, Pak Darsono. Mwalimu wetu mkuu. Wahadhiri, ambao wengi wenu ndio baba zetu na mama zetu. Na nyinyi mlio jikoni mnaotusikia kupitia dirishani. Asalaam aleikum, na poleni kwa jua.

KUKARIBISHA

Mgeni rasmi, tunajua umeshakaribishwa getini, ukakaribishwa ngazini, na kwenye bango pia umekaribishwa pamoja na picha yako. Basi sisi tunakukaribisha mara moja tu. Karibu.

Mwalimu mkuu alituambia tueleze jinsi chuo kinavyowasaidia wahadhiri kufanya utafiti na kuchapisha. Alisema, "Andikeni mliyoyaona wenyewe, ila yawe mazuri." Tumeona mengi, kwa sababu ukuta wa darasa letu na ukuta wa kitivo ni uleule mmoja, na madirisha hayafungi vizuri. Mengi tuliyoyaona yanamhusu Bu Wigati, mama mmoja mhadhiri wa mambo ya wadudu. Kwa hiyo risala hii itamtaja sana. Hatukumwomba ruhusa. Angekataa.

HISTORIA

Shule yetu ilijengwa ili watoto wa wahadhiri wasome karibu na wazazi wao. Hapo nyuma ya darasa la tisa palikuwa na majani na mfenesi mmoja mkubwa. Hapakuwa na kitu kingine mpaka Bu Wigati alipokuja na pikipiki yake, nyuma amefunga pingili za mianzi kwa kamba kama mtu anayehama nyumba. Akazitundika kwenye ukuta mfupi wa ua, moja moja, chini ya dirisha letu.

Ndani ya kila pingili mlikuwa na nyuki. Ni wale wadogo weusi, hawana mwiba. Sisi hatukujua. Tulipanda juu ya madawati.

"Shukeni," alisema kupitia dirishani. "Hawa hawaumi."

Tulimuuliza, "Sasa mtu akiwachokoza wanafanya nini?"

"Wanaingia kwenye nywele zako, wanakasirikia humohumo."

Tuliteremka. Toka siku hiyo wakawa nyuki wetu. Kila kundi lilijenga mlango mdomoni mwa pingili yake, kijibomba kidogo kinachochomoza nje, laini, rangi ya asali iliyoungua. Bu Wigati alituonyesha kwamba mlango ule wanautengeneza kwa utomvu wa mfenesi. Utomvu unanata. Sisimizi akitaka kuingia kuiba, miguu inagandia mlangoni, basi anabaki palepale anapunga.

Alikuwa haongei sana na watu wazima. Na sisi aliongea. Alituachia vioo vyake vya kukuzia wakati wa mapumziko na hakuvihesabu vikirudi. Kwenye mikutano ya kitivo, tulimwona kupitia dirishani, alikaa karibu na mlango, akiulizwa kitu anatabasamu kwanza, na akija kufungua mdomo, mtu mwingine ameshajibu.

MISAADA ILIYOTOLEWA

Mgeni rasmi, misaada ni mingi, tutataja tuliyoiona.

Chuo kilitangaza kwamba kila mhadhiri lazima awe na makala iliyochapishwa nje ya nchi. Asiyekuwa nayo hapandi cheo. Ili wasipate shida, walipelekwa milimani kwa semina ya kuandika. Walipewa mikoba, kofia na fulana zenye jina la semina. Tulimuuliza Bu Wigati aliporudi kama aliandika.

"Niliandika jina langu kwenye mahudhurio," alisema. "Asubuhi na jioni."

"Na katikati?"

"Katikati kulikuwa na hotuba. Halafu picha ya pamoja. Halafu karaoke. Pak Darsono ana sauti nzuri, hamjui tu."

Makala yenyewe aliiandikia hapa, kwenye benchi chini ya mfenesi, mchana baada ya vipindi vyake. Ilihusu utomvu na milango ya nyuki. Alipomaliza akaipeleka kitivoni. Hapa kwetu kuna desturi kwamba jina la mkuu linatangulia kwenye makala, kama vile kwenye mlo mkubwa ndiye anayetangulia kunawa. Tunamshukuru Pak Darsono kwa kukubali jina lake litangulie, maana alikuwa na kazi nyingi na hakupata hata nafasi ya kuisoma.

Bu Wigati akaituma kwa jarida moja lililomwandikia barua pepe likimwita mtaalamu mashuhuri. Jibu lilirudi upesi mno, kabla hata nguo alizofua siku ile hazijakauka: imekubaliwa, lipa. Akauza pikipiki akalipa. Toka hapo anakuja kwa miguu, na kama ana mianzi anaibeba begani.

Makala ilipotoka, chuo kilimfanyia shukrani. Yaani, ilimbidi yeye awafanyie watu shukrani, na chuo kikatoa bango. Ndiyo desturi: mtu akipata heri anapika wali wa manjano, anausimamisha kama mlima kwenye sinia, anazungushia kuku, mayai, tempe ya soya iliyokaangwa na mboga za nazi. Mwenye heri anakata kilele cha mlima, anamkabidhi anayemheshimu kuliko wote, halafu wengine wanakula. Bu Wigati alikata kilele akampa Pak Darsono. Watu walipiga makofi. Na sisi tuliitwa tukala. Wali ule ulikuwa mtamu jamani, hatutadanganya. Nazi ilikuwa imeingia mpaka ndani.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ilijitokeza siku ileile ya wali, ila hatukuijua.

Mkutubi wetu, Bu Kustinah, alikuwa amesimama karibu na meza, sahani mkono mmoja, mkono wa pili ameshika lile jarida lililopigwa chapa ili watu walione. Akafungua kurasa. Makala ya kwanza ilihusu kodi za nyumba. Ya pili mifupa ya nyonga. Ya tatu nyuki wa Bu Wigati. Ya nne ilikuwa ya tatu tena, imerudiwa. Bu Kustinah alilifunga jarida, akaliweka chini ya bakuli la kaukau za kamba wa baharini.

Baadaye sana tulimuuliza, "Bu, kama uliona, mbona hukusema?"

Alitutazama kama vile sisi ndio tuliokosa. "Niseme nini, wanangu? Paja la kuku nilikuwa nalo mdomoni. Mtu ameshakupikia, umeshakula, wote wamesema amin. Utasimama kumwambia wali wako ni wa bure?"

"Lakini ungemwambia kabla."

"Kabla nani aliniuliza? Mimi napewa bango nitundike."

Basi ikawa hivyo. Wengine pia walikuwa wamehisi, tumekuja kujua. Kila mmoja alikuwa na sahani.

Walipokuja wapimaji wa vyeo kutoka nje, waliliangalia jarida wakaliweka pembeni. Walisema halina mhariri, halina ofisi, ni duka la watu wanaokula ada. Pak Darsono aliitwa kwenye kikao. Dirisha lilikuwa wazi na sisi tulikuwa na kipindi cha historia.

"Jina lako hapa ni la kwanza, Pak," sauti ya mgeni ilisema.

"Ah, hilo," Pak Darsono akasema. "Mimi waliniweka tu. Hiyo ni kazi ya Bu Wigati."

Ndipo kwa mara ya kwanza tulisikia ikisemwa ofisini kwamba kazi ile ni ya Bu Wigati.

Hakulia. Tunasema hivi kwa sababu kuna watu walisema alilia. Alitoka, akaja nyuma ya darasa, akaanza kufuta vumbi kwenye pingili za mianzi, moja baada ya nyingine, mpaka kengele ikalia. Cheo hakupata. Hakuna aliyemsema vibaya. Watu walimwonea huruma, wakamtafutia kazi ya kufanya. Kwa vile wali wake wote waliusifu, wakamweka kwenye kamati ya chakula.

Mgeni rasmi, tangu hapo kila mwenye makala yake anapopikiwa, Bu Wigati ndiye anayepika. Profesa kapata makala, Bu Wigati jikoni. Semina ya kuandika, Bu Wigati jikoni. Wenzake wanamtania, hawana nia mbaya.

"Wewe mwenzetu, kalamu na mwiko kipi kimekukaa?" Bu Tutik wa uhasibu alimwambia juzi wakikuna nazi.

"Mwiko. Nikikosea watu wanaongeza pilipili."

"Ukikosea kwa kalamu?"

"Wanaongeza bango."

Walicheka mpaka nazi ikamwagika. Na sisi tulicheka, tulikuwa tunabeba vyombo. Halafu tuliona kwamba yeye alikuwa ameshaacha kucheka zamani, anaokota nazi.

NYUKI WENYE MLANGO WA BLUU

Sehemu hii mwalimu mkuu hakuiomba, lakini bila yake maombi yetu hayataeleweka.

Nyumba hii nzuri unayoifungua leo ilihitaji nafasi, kwa hiyo mfenesi ulikatwa. Nyuki wakabaki bila utomvu. Tulidhani watahama. Hawakuhama. Siku mafundi walipopaka rangi madirisha ya nyumba hii, hiyo bluu unayoiona hapo nyuma yako, fundi mkuu, Pak Ngatimin, alikuja kulalamika.

"Bu, nyuki wako wananiibia rangi."

"Wamekuibia kiasi gani?"

"Si kiasi, Bu. Wanaacha nyayo! Napaka, nikirudi nakuta mtu kaishapita na miguu sita."

Tulikimbia kuangalia. Kweli. Kwenye kila pingili, kijibomba cha mlango kilikuwa na pete ya bluu, na kila siku pete inaongezeka. Baada ya muda, mstari mzima wa mianzi ulikuwa na milango ya bluu, rangi moja na madirisha ya Nyumba ya Utafiti. Ulipendeza sana. Mpiga picha wa chuo alikuja akaupiga picha, imo kwenye kipeperushi chako, ukurasa wa mwisho.

Bu Wigati yeye hakufurahia rangi. Alikaa chini akatazama. Akarudi kesho yake akatazama tena. Rangi ikikauka inakuwa ngumu kama ukucha. Hainati. Sisimizi wakaja, wakapanda juu ya mlango wa bluu, wakapita. Usiku mmoja kundi zima likaibiwa, asubuhi tukakuta mabawa chini ya dirisha letu.

Hapo akaamka. Hatujui neno jingine. Alitugawa zamu za kutazama, kundi hili na lile. Alileta utomvu kutoka kwa mama yake kijijini, kwenye mkebe wa maziwa, akawapa nyuki wa nusu ya pingili, wengine akawaacha na rangi yao. Wenye utomvu walirekebisha milango, sisimizi wakaganda. Wenye bluu waliendelea kupungua. Alikuwa akitoka jikoni na harufu ya vitunguu anakuja moja kwa moja, aproni hajavua, anatuuliza, "Niambieni. Nani kaingia, nani kashindwa?" Akauliza tena hata kama tumeshamjibu. Na kwenye zamu hizo alikuwa anaongea sana, anakatiza watu, hata anagombana na sisi kama tumetazama vibaya.

Ameandika makala nyingine. Imekwisha. Tunajua imekwisha kwa sababu alitusomea, sentensi moja moja, akituuliza kama tunaelewa, na tusipoelewa anafuta.

Hajaituma popote.

Tulimuuliza, "Bu, mbona hutumi?"

"Nikituma?"

"Itachapishwa."

"Kisha?"

Mmoja wetu akasema, "Kisha tutakula wali."

Akacheka kidogo. "Mnaona? Hata nyinyi."

Tulikuwa tumekula ule wa kwanza, tukaomba na ukoko.

Sasa, mgeni rasmi, Jumamosi hii ukuta wa ua nyuma ya darasa letu unavunjwa ili magari ya wageni wa Nyumba ya Utafiti yapate pa kuegeshwa. Mianzi itaondolewa. Muuza asali wa sokoni ameshakuja kuitazama. Watu wa chuo walimwuliza Bu Wigati, akasema, "Chukueni." Tulimfuata jikoni tukamwambia hajamaliza kutazama, bado yapo makundi ya bluu hayajulikani kama yatapona. Alikuwa anaosha mchele. Akasema hivi, tunayarudia maneno yake kama yalivyo: "Jamani, hata nikimaliza, nani atasoma?"

MAOMBI

Kwanza tulikuwa tumeandika maombi mengi. Feni, vitabu, choo cha wasichana. Tumeyafuta, tutayaleta mwaka kesho, choo kimezoea kusubiri.

Tunaomba ukuta usivunjwe Jumamosi. Magari yanaweza kukaa kwenye uwanja wetu wa mpira wa wavu. Tumekubaliana, hata timu ya shule imekubali, ingawa kwa kununa.

Tunaomba pia, kwenye nyumba hii mpya yenye vyumba vingi, chumba kimoja akae mtu ambaye kazi yake ni kusoma tu. Mhadhiri akimaliza kuandika, amletee, aisome yote, amwambie ukweli: hapa pazuri, hapa hapaeleweki, hili jarida ni la wezi. Asiwe mtu wa kutundika bango. Na asiwe ameshika sahani. Bu Kustinah amesema angeweza kuifanya kazi hiyo, ila haruhusiwi kuacha mabango. Tunamtaja kwa sababu ametuomba tusimtaje, na tumejifunza kwamba hapa kwetu watu wakinyamaza sana ndipo mambo yanapoharibika.

Na wewe mwenyewe, Ibu Profesa. Tumeambiwa ulianza kazi yako na vipepeo. Kama kwenye treni ya kurudi utakuwa na nafasi, tunaomba uisome makala ya Bu Wigati. Kama ni mbaya, mwambie ni mbaya. Hatavunjika. Kilichomvunja mara ya kwanza ni kusifiwa na watu ambao hawakusoma.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, sasa hivi utaombwa ukate wali ulio mbele yako. Ameupika Bu Wigati. Ameanza nao tangu hakujakucha. Kwenye ratiba imeandikwa kwamba kilele utamkabidhi Mkuu wa Kitivo, na tunajua Pak Darsono atakipokea kwa mikono miwili kama kawaida yake.

Amepika milima mingi. Tumejaribu kukumbuka kama kuna siku kilele kilirudi jikoni kwa aliyekipika. Hatukumbuki. Siku ya shukrani yake mwenyewe alikikata yeye, akampa mwingine.

Kwa hiyo ombi letu la mwisho ni dogo, linaingia kwenye sahani. Kata kilele, umwite Bu Wigati, umpe yeye. Makala haijatumwa. Haina jarida, haina bango, hakuna wa kumpongeza kwa lolote. Tunataka safari hii ale yeye kwanza, halafu sisi wengine tusome, halafu ndipo tule.

Atasema mikono yake ina mafuta. Usimsikilize. Atasema wali hautoshi, ampe mgeni. Unatosha. Kwa sasa, kwa tunavyomjua, ameshaweka mwiko chini na anatafuta mlango wa nyuma. Kwenye mlango wa nyuma wamesimama wenzetu wa darasa la saba, na ni wengi.

Mungu akurudishe Jakarta salama na treni yako iwahi. Awape wahadhiri wetu watu wa kuwasoma, awape nyuki wetu utomvu, na sisimizi awape riziki yao mahali pengine.

Bu Wigati, tunakuomba utoke.

Ni sisi wanao,
Wanafunzi wa Darasa la Tisa, walio upande wa dirisha
Shule ya Maabara, Tirtasari